Kwa Zuhura, kuhusu Kirby na zile kurasa

Mwanangu Zuhura,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikamsomea mama yako akichambua mchele. Unauliza: wale mashujaa wa vitabu vya katuni, Fantastic Four, Hulk, Thor, Black Panther, wote hao ni wa mwandishi Stan Lee au ni wa mchoraji Jack Kirby? Mmebishana ofisini, ukakumbuka kuwa picha ya Kirby ilikuwa ukutani kwetu, juu ya meza yangu ya kuchorea.

Nitakujibu. Lakini nikisikia jina la Kirby, kinachonijia kwanza si nani alimtangulia mwenzake kwa wazo. Zinanijia kurasa.

Huyu alizaliwa New York mwaka 1917, mtoto wa mshona nguo wa kiwandani, jina lake la nyumbani Jacob Kurtzberg. Captain America walimtunga yeye na Joe Simon, na jalada la toleo la kwanza, la Machi 1941, linamwonyesha shujaa akimtwanga Hitler ngumi ya taya wakati Marekani bado haijaingia vitani. Baadaye akaenda vitani mwenyewe. Alisimulia kwamba mkubwa wake aliposikia ni mchoraji, alimtanguliza mbele ya wenzake akachore ramani. Hebu fikiri, kalamu ndiyo iliyompeleka karibu na risasi! Alirudi miguu imeharibiwa na baridi, nusura ikatwe.

Kazi unayoniulizia ilianza 1961. Yeye na Lee walizungumza kisa kwa ufupi, kisha Kirby akarudi kwake Long Island, akashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba na kuchora hadithi nzima kwa penseli, usiku kucha, akiandika pembeni mwa ukurasa nini kinatokea. Lee akatia maneno, mwingine akapitisha wino. Lee mwenyewe alisimulia jinsi alivyopokea kurasa za Fantastic Four namba 48 akamkuta mtu wa rangi ya fedha anateleza angani juu ya ubao, mtu ambaye hawakuwa wamemtaja kabisa. Ndiye Silver Surfer. Kwa hiyo ukiniuliza ni nani... ngoja kwanza.

Karatasi ni ya mkono ulioichora. Umenisikia nikilisema hili tangu hujajua kusoma, na bado nalisema.

Siku zile mchoraji alilipwa kwa ukurasa, na ukurasa wenyewe ukabaki kwa mchapishaji. Miaka ya 1980 Marvel, wachapishaji wa mashujaa hao, walipokubali kurudisha michoro ya zamani, wenzake walipewa fomu ya ukurasa mmoja watie saini. Kirby alipewa ya kurasa nne, zilizomtaka akane mengi, ili arudishiwe kurasa 88. Kurasa 88, Zuhura, kwa mtu aliyewachorea maelfu! Alikataa. Wachoraji wenzake walimpigania hadharani, na 1987 akapata karibu 2,000. Nyingine zilishapotea.

Nawe unajua kwa nini hapo nasimama. Ulikuwa darasa la pili, nikakushika mkono tukaenda kwa mchapishaji kuomba michoro yangu ya kile kitabu cha hadithi za wanyama. Michoro sitini, miezi mitano ya kukesha. Tulikuta mafundi wanapaka dari rangi, na sakafuni wametandika karatasi ili rangi isidondokee saruji. Mimi nilikuwa natazama juu. Wewe ndiye uliyesema, "Baba, si yule sungura wako?" Ukainama, ukamchomoa chini ya ngazi. Fundi wa watu alishuka akaomba radhi, yeye alipewa karatasi tu. Mkubwa wa pale akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mzee, si ulishalipwa?"

Nililipwa, kweli. Fedha ilitimia, ndiyo iliyonunua sare yako na kiatu cha kaka yako. Nilikubali masharti na macho yangu yako wazi, kama Kirby alivyozikubali hundi za kila ukurasa akiwa na mke na watoto wanne. Sasa mtu aliyepokea malipo analalamikia nini? Nimejiuliza miaka yote hii. Najijibu kwamba waliponunua ruhusa ya kuchapa hawakununua ruhusa ya kukanyaga. Halafu nasema, lakini hukuandika hivyo popote. Kisha nalala.

Mama yako ananikanya nisimhukumu Lee, marehemu hana wa kumjibia. Na haki yake nampa: utani wa Fantastic Four, ugomvi wao wa kifamilia, ulimi ule ni wa Lee, na Kirby alipohamia DC, washindani wa Marvel, mwaka 1970 akaandika maneno mwenyewe, matoleo yake mengi hayakudumu. Basi niseme nusu kwa nusu? Mkono unakataa kuandika hivyo. Marvel na watoto wa Kirby walipatana 2014, miaka 20 baada ya kifo chake, na leo jina lake linaandikwa kwenye kazi hizo. Waambie wenzako ofisini wamtazame yule mtu juu ya ubao, kisha wakujibu wao. Mimi nimemwahidi mama yako.

Sungura yupo kwenye sanduku la bati, chini ya kanga za bibi yako. Matone mawili ya rangi nyeupe bado yako sikioni. Nilitaka kuyakwangua, mama yako akanizuia. Ukija Idi, mchukue. Nyuma yake nimeshaandika jina lako.

Baba yako