Tundu la mbao linaloosheka: maswali yenu kuhusu finchi

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu matundu ya mbao ya finchi pundamilia, wale ndege wadogo wenye asili ya Australia, dume ana mashavu ya rangi ya chungwa. Waliouliza habari za nakshi na paa la msonge wanisamehe. Nimetanguliza usafi, kwa sababu ndege wengi niliowaona wakifa majumbani hapa Tabora, tundu lao lilikuwa zuri kwa macho lakini halioshiki.

Shikamoo fundi. Nina watoto wawili hapa Isevya, na baba yao amewaletea finchi wawili. Nataka tundu ambalo binti yangu wa miaka 11 ataweza kulisafisha mwenyewe. Nimwambie nini seremala?

Marahaba, mama. Kabla hajashika msumeno mwambie neno moja: kila kilichomo ndani kiweze kutolewa. Kisichotoka hakioshwi, na kona ambayo mkono wa mtoto haufiki itabaki na kinyesi mpaka mwakani.

Vipimo ninavyovipenda kwa ndege wawili ni urefu sentimita 90, kina 45 na kimo 45. Finchi huruka kwenda mbele, hapai wima, kwa hiyo tundu refu kama mnara halimsaidii kitu. Nyuma, pembeni na juu awekewe plaiwudi, ili makapi ya ulezi yasitapakae sebule nzima. Mbele pawe na wavu wa nusu inchi uliopigwa kwenye fremu yake, na fremu hiyo ishikwe na vikomeo vinne tu, isipigwe misumari. Siku ya usafi mkubwa unafungua vikomeo, mbele yote inatoka, unabaki na sanduku tupu. Kwa kazi za kila siku akate mlango mdogo kwenye fremu, mkono upite na kikombe cha maji.

Chini ndipo penye kazi. Nenda kwa fundi bati akukunjie trei mbili za bati bapa zenye ukingo wa sentimita 3 au 4, na ncha zote azikunje kwa ndani zisije zikamkata mtoto. Trei iingie na kutoka kama droo. Wengi hapa husahau kwamba ukivuta trei unaacha mwanya, na finchi anauona mwanya huo kabla yako. Seremala aning'inize ubao mwembamba wa bawaba juu ya mwanya: trei ikitoka, ubao unashuka wenyewe na kuziba. Trei moja ikiwa ndani, ya pili inakauka juani. Binti yako atakunja gazeti la jana, atatandika jingine, na dakika tano hazitaisha.

Ndani ya plaiwudi apige msasa, azibe kila ufa kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na unga wa msumeno, kisha apake rangi ya maji inayong'aa, mikono miwili. Mbao isiyopakwa hunywa kinyesi kama sifongo. Tundu likae bila ndege mpaka harufu ya rangi iishe kabisa. Mimi husubiri wiki mbili. Mapafu ya ndege ni mepesi mno kwa mvuke na moshi, na kwa sababu hiyohiyo usilitundike jikoni karibu na jiko la mkaa.

Kaka yangu ni seremala wa milango huku Urambo na hutupa vipande vya mninga. Vinafaa?

Vinafaa sana kwa fremu. Mninga haupindi ovyo masika yakija, na skrubu hushika vizuri. Funga kitambaa puani unapoupiga msasa, vumbi lake huwasha kifua, na kazi hiyo ifanyike mbali na ndege. Usichukue mbao yenye rangi ya kijani iliyolowekwa dawa, na usipake oili chafu ya gari kama tunavyopaka nguzo ili kuzuia mchwa.

Ila vipande hivyo usivichonge kuwa vituo vya kusimamia. Fito laini zenye unene mmoja huumiza nyayo. Kata vijiti vya mpera, vingine vyembamba kama penseli, vingine vinene kidogo, uvipachike kwa ndoana au kwenye mfuo ili vitoke. Kituo kisikae juu ya chombo cha chakula wala cha maji. Utanishukuru kila asubuhi.

Finchi wangu hapa Nzega wanajikuna usiku, mchana wamejivimbisha tu. Tundu naliosha kila Jumamosi. Tatizo ni nini?

Swali hili limenirudisha mbali. Tundu langu la kwanza lilikuwa la fito za mianzi zilizofungwa kwa kamba ya katani, na kila mgeni alilisifu. Ikafika Julai, ndege wakawa wamejikunyata, nikasema ni baridi. Nikawafunika shuka. Makinda manne yalikufa ndani ya siku mbili. Nilipokata kamba ili nivunje kiota, ndani ya mafundo nikaona kitu kama majivu, na majivu yale yalikuwa yanatembea.

Ni utitiri, ndugu yangu, uleule wa kuku. Mchana hujificha kwenye nyufa za mbao, usiku hutoka kunyonya damu. Kwa hiyo unaweza kumkagua ndege saa sita mchana usione hata mmoja. Leo usiku funika tundu kwa kitambaa cheupe, na alfajiri kabla hakujapambazuka ukikunjue chini ya tochi. Ukiona vidoa vinavyotembea, vibonyeze kwa kidole. Vikiacha alama nyekundu, jibu umelipata.

Kuosha kwako kwa Jumamosi kunafika kwenye uso wa mbao tu. Wahamishe ndege kwenye tundu la muda, hata boksi lenye wavu linatosha. Fungua skrubu zote, uvitenganishe vipande, umwagie maji yanayochemka kwenye kila ungio, sugua kwa brashi ngumu, anika juani kutwa. Baada ya siku saba rudia, kisha rudia tena, maana kwenye joto yai la utitiri hufikia utu uzima ndani ya siku saba hadi kumi. Kiota cha zamani kichome. Tundu tupu usiliamini: wadudu hawa hukaa miezi bila kula. Kabla ya kulirudisha, ziba nyufa zote na upake rangi upya. Dawa ya kupuliza mbu usiiguse. Kwa ndege wenyewe, mwone mtaalamu wa mifugo akupe dawa inayolingana na uzito wao, ambao ni gramu kama 12 tu.

Na kama banda la kuku limeegemea ukuta huohuo, lihamishe tundu.

Naweza kutumia jiki?

Ndiyo, sehemu moja kwa kumi ya maji, ndege wakiwa chumba kingine. Osha kwanza kwa sabuni, kwa sababu uchafu huua nguvu ya jiki. Iache dakika kumi, suuza mara tatu, kausha juani. Siki nayo ina kazi yake: wavu mpya wa mabati usuguliwe kwa siki na kusuuzwa kabla haujafungwa, kupunguza unga wa zinki. Lakini jiki na siki zisikutane kwenye ndoo moja, hewa inayotoka hapo ni sumu kwako na kwao.

Jike langu limetaga mayai matano. Nitasafishaje bila kumsumbua?

Hongera. Mayai huatamiwa kama siku 14, na makinda hutoka kiotani yakiwa na wiki tatu hivi. Muda wote huo usafi mkubwa uahirishe. Badilisha gazeti la kwenye trei, maji na vyombo, saa ileile kila siku, bila haraka. Kiota usikitikise.

Anayejenga sasa amwombe seremala mfuo wa wima katikati ya tundu, juu na chini, unaopitisha kipande cha plaiwudi. Ukikisukuma ndani, tundu linagawanyika vyumba viwili. Ndege wanabaki upande wa kiota, wewe unasugua upande wa pili. Mfuo huo ni kazi ya nusu saa, na umeniokolea ndege wengi kuliko dawa yoyote niliyowahi kununua.

Huku Sikonge chiriku wamejaa porini. Kwa nini ninunue finchi wakati ninaweza kutega?

Mdogo wangu, usitege. Kukamata ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Hata sheria isingekuwepo ningekwambia hivyohivyo. Nimemwona chiriku wa kutegwa akijigonga wavuni mpaka uso ukawa hauna manyoya. Finchi pundamilia amezaliwa tunduni vizazi na vizazi. Wa porini mwekee bakuli la maji chini ya mwembe, atakuja mwenyewe.

Siafu waliingia usiku, wakamaliza makinda yote. Nifanye nini?

Pole sana, mama. Tundu lisiegemee ukuta wala kugusa pazia au tawi. Liweke juu ya meza ya miguu minne, kila mguu usimame ndani ya kopo la maji yenye matone ya mafuta ya kula, nawe uyabadilishe kila siku ya tatu ili mbu wasizaliane. Angalia pia kamba na nyaya zinazopita juu. Mwaka jana kwangu walishuka kwa waya wa taa.