Pikipiki inakula mafuta? Anza na daftari kabla ya kufungua kabureta

Mtu akifika kwa fundi na kusema pikipiki yake inakula mafuta, mara nyingi kitu cha kwanza kushikwa ni kabureta. Inafunguliwa, inaoshwa, skrubu zinazungushwa, mwenye pikipiki analipa, na wiki haijaisha lalamiko liko palepale. Kwa pikipiki za kazi za kila siku, za aina ya Bajaj Boxer au TVS HLX, kabureta ndicho kifaa cha mwisho kugusa. Yapo mambo mengi ya bei ndogo yanayoharibu matumizi ya mafuta kabla yake. Na kabla ya hayo yote, lazima ujue inakula kiasi gani hasa. "Siku hizi haifiki mbali" si kipimo.

Kipimo ni kilomita kwa lita, na kinapatikana kwa njia moja tu inayoaminika: jaza tenki, tembea, jaza tena. Geji ya mafuta ya pikipiki hizi ni ya kukuonya usikwame. Haifai kwa hesabu.

Fanya hivi. Pikipiki ikiwa juu ya stendi kubwa, jaza mpaka mafuta yafike chini ya ukingo wa ndani wa mdomo wa tenki. Usiyapandishe hadi juu kabisa, maana petroli hupanuka ikipigwa jua na itatokea kwenye tundu la hewa la mfuniko. Andika namba ya odometa. Lita ulizojaza siku hiyo haziingii kwenye hesabu. Zimekupa mahali pa kuanzia tu. Tembea kama kawaida yako, kisha jaza tena hadi ukingo uleule, tena juu ya stendi kubwa. Ukijaza ikiwa imeegemea stendi ya pembeni, tenki linalala na mafuta yanakaa kimo tofauti. Andika odometa mpya na lita ulizowekewa. Odometa ikitoka 18,240 hadi 18,612, umetembea kilomita 372. Kama zimeingia lita 8.1, gawanya 372 kwa 8.1, unapata kilomita 45.9 kwa lita.

Wengi hatujazi tenki kila mara. Tunaweka ya elfu tano leo, ya elfu tano kesho. Hilo halizuii hesabu. Jaza mara moja, kisha endelea kununua kidogo kidogo huku ukiandika lita za kila ununuzi, si shilingi peke yake. Kwa Tanzania bei kikomo za EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Kenya mamlaka kama hiyo, EPRA, hutangaza tarehe 14, kwa hiyo elfu tano ya mwezi huu na ya mwezi ujao huenda zisiwe na lita sawa. Risiti ya sheli inaonyesha lita. Chukua namba hapo. Siku ukijaza tena tenki lote, jumlisha. Kama ulinunua lita 2.5, tena 2.5, kisha 3.0, na siku ya kujaza zikaingia 4.2, jumla ni lita 12.2. Ukiwa umetembea kilomita 549, ni kilomita 45 kwa lita.

Usipige hesabu kwa mafuta machache. Kimo cha kujazia kikikosewa kwa lita 0.3 tu, kwenye lita 2 hilo ni kosa la asilimia 15, ilhali kwenye lita 8 halifiki asilimia 4. Watu wengi wanaosema pikipiki "imebadilika ghafla" wamepimia lita mbili.

Mafuta ya chupa za barabarani yanaharibu hesabu kwa njia mbili. Chupa ya maji si kipimo, na hujui kilichomo. Tanzania mafuta yanawekwa vinasaba (kemikali ya kutambulisha mafuta halali) tangu 2010 kwa sababu uchakachuaji upo, hasa kwa mafuta ya taa, ambayo huifanya injini igonge, ikose nguvu na kuchafua plagi. Ukilazimika kununua chupa, iandike kwenye daftari kama chupa, na usiamini hesabu ya tenki hilo.

Odometa nayo ihakikiwe mara moja. Kwenye barabara kuu yenye nguzo za kilomita, tembea kuanzia nguzo moja hadi ya kumi mbele yake. Odometa ikisoma 10.4, inazidisha kwa asilimia 4, basi gawanya kilomita zako kwa 1.04. Kama unajilinganisha na wewe mwenyewe tu, kosa hilo halina madhara kwa kuwa ni lilelile kila siku. Lina madhara unapobishana na mwenzako kijiweni. Mshale wa spidi ukiruka-ruka au kulala, angalia kebo ya spidi kwenye gurudumu la mbele, maana kilomita zisizohesabiwa zitakufanya uone injini imeharibika wakati iko nzima.

Sasa, namba ipi ni nzuri? Pikipiki ya cc 100 hadi 125 iliyo nzima kwa kawaida hucheza kati ya kilomita 50 na 65 kwa lita, ya cc 150 kati ya 40 na 50, kutegemea foleni, milima na mzigo. Lakini namba muhimu ni ya pikipiki yako yenyewe ikiwa imetoka sevisi. Kushuka kwa asilimia 5 ni hali ya njia: mvua, upepo wa mbele, abiria wengi. Ikishuka kwa asilimia 10 kwenye matenki mawili mfululizo, kuna kitu. Na namna ilivyoshuka ndiyo inayokuelekeza pa kutazama.

Ikishuka ghafla, kutoka 46 hadi 37 kati ya tenki moja na jingine, tafuta kuvuja, breki inayoshika, choki iliyobaki nusu, au kazi aliyofanya fundi siku za karibuni. Anza na kuvuja. Simamisha pikipiki sehemu kavu usiku, bomba la mafuta likiwa wazi, na weka kipande cha boksi chini ya kabureta. Asubuhi ukikuta doa na harufu, taka imekwama kwenye sindano ya boya (inayofunga mafuta bakuli likijaa) ndani ya bakuli la kabureta na mafuta yanamwagika kupitia mpira wa chini. Kugonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi mara nyingine huachia taka hiyo, lakini dawa ni kusafisha tenki na chujio lake, maana taka itarudi. Hali mbaya zaidi ni petroli kupita ndani, ikashuka kwenye silinda hadi kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili: kama kimo kimepanda bila wewe kuongeza, na inanuka petroli, usiwashe injini. Oili iliyochanganyika na petroli haishiki kwenye vyuma, na injini itakwaruzika ndani ya safari chache. Rekebisha sindano kwanza, kisha mwaga oili yote. Ndiyo sababu kufunga bomba la mafuta kila unapoegesha ni tabia ya kushikilia.

Breki ya nyuma ya ngoma ndiyo mlaji mkubwa asiyeshukiwa. Fundi akibana nati ya fimbo ya breki ili "ishike vizuri", viatu vinabaki vinagusa ngoma muda wote. Ipandishe stendi kubwa, weka huru, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Linatakiwa kuendelea kuzunguka lenyewe, na msuguano mdogo wa cheni tu usikike. Likisimama papo hapo, legeza nati mpaka pedali iwe na uhuru wa milimita 20 hadi 30 kabla breki haijaanza kushika. Kisha lijaribu tena baada ya kukanyaga breki mara kadhaa: kama lilikuwa huru na sasa linashika, ekseli ndogo ya kufungulia viatu imekauka. Ifunguliwe, isafishwe, ipakwe grisi kidogo sana, isifike kwenye viatu. Gurudumu la mbele nalo lizungushe.

Upepo wa tairi upime asubuhi, tairi zikiwa za baridi. Kwa wengi ni karibu psi 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukibeba abiria. Fuata karatasi iliyobandikwa kwenye pikipiki yako. Kubonyeza kwa kidole au kupiga teke hakukwambii tofauti ya 28 na 20.

Namba ikishuka polepole, kilomita moja mwezi huu, nusu kilomita mwezi ujao, tafuta kinachochakaa au kuziba. Filta ya hewa iko mbele ya foleni. Ikiziba, injini inavuta hewa kidogo na mafuta mengi, plagi inakuwa nyeusi ya masizi. Kama ni sponji, ioshe kwa mafuta ya taa, ikamue kwa kuibana bila kuisokota, ioshe tena kwa maji ya sabuni, ianike kivulini ikauke kabisa, kisha idondoshee oili ya injini na kuikamua mpaka ibaki na unyevu tu. Sponji kavu haikamati vumbi laini. Kama ni ya karatasi, usiioshe. Ipulize kwa upepo mdogo kutoka upande wa ndani kwenda nje, na ikichoka badilisha. Ukikuta filta imelowa oili, huenda injini ilijazwa oili kupita kiasi, na ziada inasukumwa kwenye mpira wa kupumulia hadi kwenye boksi la filta. Na kamwe usikubali ushauri wa kuitoa filta ili "ivute vizuri". Kwa vumbi la barabara zetu, ringi na silinda zitaliwa mapema, na hapo utaongezea na gharama ya oili inayoungua.

Cheni ilegee milimita 20 hadi 30 katikati, upimwe mahali ilipokaza zaidi, kwa sababu cheni iliyotumika hailegei sawa mzunguko wote. Iliyokaza kupita kiasi inakula nguvu, na ukikalia pikipiki na mzigo inazidi kukaza, ikaua beringi ya shafti ya gia. Ukivuta gurudumu nyuma, alama za pande zote mbili zilingane. Isafishe kwa mafuta ya taa, ipake oili nzito ya gia namba 90 upande wa ndani ikiwa bado ya moto kutoka safari, iache dakika kumi na tano, futa ziada. Oili chafu iliyomwagwa kutoka injini imejaa unga wa chuma, usiipake. Kilipu cha kiungo cha cheni, upande wake uliofungwa utazame mbele, cheni inakoelekea ikiwa upande wa juu, la sivyo kinaweza kunaswa na kuchomoka. Cheni na sproketi zote mbili zibadilishwe kwa pamoja.

Oili: mara nyingi 20W-50, yenye alama ya JASO MA au MA2 (viwango vya Kijapani vya oili za pikipiki). Klachi ya pikipiki hizi inaogelea ndani ya oili hiyohiyo, na baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyoifanya iteleze. Jaribu ukiwa gia ya tatu, mwendo wa wastani: fungua mafuta. Injini ikipanda mngurumo na mwendo usipande nayo, klachi inateleza na sehemu ya petroli yako inaishia kuwa joto. Hakikisha kwanza leva ya klachi ina uhuru wa milimita 2 au 3 shinani, maana kebo iliyokaza huleta dalili ileile. Kwa foleni, joto na vumbi, kumwaga oili kila kilomita 2,000 hadi 3,000 ni busara hata kama kitabu kinaruhusu zaidi.

Plagi uisome baada ya safari ndefu kidogo. Kahawia ni nzuri. Masizi makavu ni mafuta mengi. Nyeupe ni hewa nyingi au joto kali. Nyeusi iliyolowa oili ni ringi au sili za valvu. Pengo ni milimita 0.6 hadi 0.7. Pikipiki zenye plagi mbili, kama Pulsar 150 DTS-i, zibadilishwe zote mbili. Ile iliyojificha husahauliwa sana.

Valvu zirekebishwe injini ikiwa ya baridi kabisa, kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), kufuata namba za kitabu. Hapa pana kosa linaloua injini nyingi: fundi anabana mpaka mlio wa tik-tik uishe, na mteja anafurahi kusikia ukimya. Valvu isiyo na nafasi haifungi vizuri ikipata moto; mgandamizo unavuja, mafuta yanapotea, na valvu ya kutolea moshi inaungua. Mlio mdogo wa valvu ni bora kuliko ukimya.

Baada ya yote hayo ndipo kabureta. Skrubu zake zirekebishwe injini ikiwa ya moto. Kabla ya kuchomoa skrubu ya mchanganyiko, ikaze taratibu mpaka iguse huku ukihesabu mizunguko, na andika namba hiyo kwenye daftari, mfano "mizunguko 2 na robo". Andika pia namba ya jeti (kitundu kinachopima mafuta yanayopita) iliyomo, ili ukiletewa nyingine ujue kama ni ileile. Rekebisha kitu kimoja, tembelea matenki mawili, kisha ndipo uguse kingine. Ukibadilisha filta, plagi na jeti siku moja, namba ikipanda hutajua kilichosaidia, na ikishuka hutajua cha kurudisha.