Dirisha la magharibi kwanza, viti baadaye

Wiki hii mmeuliza: mwajiri mwenye pesa za kurekebisha kitu kimoja tu ofisini kwa ajili ya afya ya wafanyakazi, aanze na nini? Kwa hapa Kisumu, nasema aanze na madirisha ya upande wa magharibi. Viti vya bei vingoje.

Upande huo ndio unaotuletea upepo wa ziwa mchana, na ndio huohuo unaochomwa na jua la alasiri. Wengi hufunga dirisha, wakateremsha pazia zito na kununua kiyoyozi. Upepo wameukosa, na joto liko palepale, maana jua likishapenya kioo, pazia haliwezi kulirudisha nje. Kufikia saa kumi watu wanaumwa kichwa na kusinzia, kisha wanaitwa wavivu. Huo ni uonevu.

Kivuli kikae nje ya kioo. Kwenye ukuta wa kaskazini au kusini, kibaraza cha sentimita 60 juu ya dirisha la mita 1.2 kinatosha kuzuia jua la adhuhuri. Magharibi hakifui dafu: saa kumi na moja jioni jua limeshuka hadi nyuzi kama 25 juu ya upeo wa macho, na kibaraza kingehitaji kutokeza zaidi ya mita 2. Afadhali mbao au alumini zilizolazwa kwa safu, kila moja upana wa sentimita 10, zikiachana sentimita 10, ukingo wa nje ukiinamishwa nyuzi 45. Zitakinga jua hadi karibu saa ya kutoka kazini na upepo utapita. Ila fundi aangalie kwanza dirisha linafungukaje. Haya ya chuma yanayofunguka kwa nje yatagonga safu hiyo na kubaki yamefungwa daima. Basi safu isogezwe mbele kuzidi upana wa bawa la dirisha, au dirisha liwekwe luva, yaani vipande vya kioo vinavyogeuzwa palepale. La kuteleza hufunguka nusu tu.

Upepo ukiingia lazima upate pa kutokea. Tundu la ukuta wa pili liwe juu, karibu na dari, na lisiwe dogo kuliko la kuingilia. Vizigeu vilivyofika darini huua kazi yote hiyo. Vikatwe juu, pabaki angalau sentimita 30. Wavu wa mbu hupunguza upepo, na ukijaa vumbi na vidudu vya ziwani huwa kama ukuta, kwa hiyo uwe wa kutolewa na kuoshwa.

Msongamano je? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kila mfanyakazi apate angalau mita 10 za ujazo wa hewa, bila kuhesabu nafasi iliyo zaidi ya mita 4.5 kutoka sakafuni. Chumba cha mita 6 kwa 5, dari mita 2.7, kina mita za ujazo 81: watu 8, basi.

Meza zipangwe dirisha likiwa ubavuni mwa mtu. Likiwa mgongoni, mwanga hurudi kwenye skrini na shingo huanza kupindwa kuukwepa.