Vumbi baridi la Andromeda linang'aaje?

SWALI: Katika picha za mwanga wa kawaida, galaksi ya Andromeda huonekana kama sahani yenye kiini kinachong'aa, lakini katika picha za infraredi (mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho) hugeuka kuwa pete za vumbi lenye mng'ao. Vumbi hilo linapata wapi nishati, ilhali huko angani ni baridi kupindukia? Na je, ni kweli kwamba popote linapong'aa pana nyota zinazozaliwa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Karibu nishati yote hiyo, ndugu msomaji, hutoka kwa nyota. Chembe za vumbi lililotanda baina ya nyota, ambazo nyingi hazifikii hata mikromita 1 (sehemu ya elfu ya milimita) na zimeundwa kwa silikati na kaboni, hufyonza mwanga, hasa wa buluu na wa urujuanimno, zikapata joto, kisha zikaitoa nishati ileile kwa umbo la mionzi ya infraredi. Mkaa uliokolea moto huwa mwekundu. Ukififia, jicho halioni kitu, lakini kiganja bado kinahisi joto lake. Vumbi la galaksi limepoa kuliko mkaa huo kwa mbali sana: kwa kawaida lina kelvini 15 hadi 25, yaani nyuzi 250 hivi chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi, na kwa sababu hiyo mionzi yake huwa mikali zaidi kwenye mawimbi ya mikromita 100 hadi 200. Angahewa yetu huyazuia mawimbi hayo, ndiyo maana ilibidi darubini zirushwe angani: IRAS mwaka 1983, Spitzer mwaka 2003 na Herschel mwaka 2009.

Zipo pia chembe ndogo mno, pamoja na molekuli za kaboni na haidrojeni zilizopangika kama sega la nyuki, ambazo fotoni (chembe ya mwanga) moja tu ya urujuanimno hutosha kuzipandisha joto kwa mamia ya nyuzi kwa muda mfupi, kabla hazijapoa tena. Hizo ndizo zinazong'aa kwenye mikromita 3.3, 7.7 na 11.3, mawimbi ambayo vumbi baridi peke yake lisingeweza kuyatoa.

Swali lako la pili ndilo ninaloliona zito zaidi, na jibu lake ni hapana. Katika galaksi ya M82, iliyo umbali wa takriban miaka nuru milioni 12, nyota zinazaliwa kwa wingi kiasi kwamba mng'ao wa vumbi kwa kweli ni kazi ya nyota changa. Andromeda, iliyo umbali wa miaka nuru milioni 2.5, ni tofauti. Pete yake kuu, kiasi cha miaka nuru 33,000 kutoka katikati, ina vumbi jingi na nyota changa, lakini vipimo vya Herschel vilionyesha kwamba vumbi lenye joto zaidi liko kwenye kiini chenyewe, mahali ambapo nyota changa ni haba. Huko linapashwa na nyota kongwe, ambazo kila moja ni hafifu, lakini zimesongamana mno.

Kwa hiyo anayechukua infraredi yote ya galaksi kama hiyo na kuigeuza kuwa idadi ya nyota zinazozaliwa atapata hesabu iliyozidi. Mimi ningeanza na mikromita 24, zinazotoka zaidi kwenye vumbi lililo karibu na nyota changa zenye joto kali, kisha nikazilinganisha na mwanga mwekundu wa haidrojeni inayozizunguka nyota hizo.