Lua, Nix na ile /usr/local iliyojificha

Ukitaka kujifunza kufungasha lugha ya skripti kwenye Nix, mfumo wa kujenga na kusimamia vifurushi vya programu, anza na Lua. Inakompailiwa ndani ya muda mfupi na haina skripti ya configure, ni Makefile tu. Python iache kwanza. Mimi nilianza nayo kwa kiburi, ikanila wiki mbili.

Ila udogo wa Lua usikulaze. Kifurushi changu cha kwanza cha Lua, toleo la 5.4, kilijengeka bila kosa hata moja. Nikakiendesha, nikaita moduli ya inspect, ikaitika. Nikampa mwenzangu faili zilezile, naye akapata njia ileile chini ya /nix/store, folda ambamo Nix huweka kila ilichojenga, herufi kwa herufi. Kwake moduli haikuonekana. Lua ikishindwa hivyo hutaja kila mahali ilipopita kutafuta, na juu kabisa ya orodha yake palikuwa na /usr/local/share/lua/5.4/inspect.lua. Kwangu faili hilo lilikuwepo, masalia ya Lua niliyoweka kwa mkono zamani nikaisahau.

Tatizo lilikuwa hili. Ukiandika make install INSTALL_TOP=$out ($out ni folda ya kifurushi chako ndani ya /nix/store), unabadilisha mahali faili zinapowekwa, basi. Mahali Lua inapotafuta moduli pameandikwa kwingine, ndani ya src/luaconf.h, kwenye mstari wa LUA_ROOT, nao unasema "/usr/local/". Ukishakompaili, anwani hiyo inakaa tumboni mwa programu.

Nilijidanganya kwamba kwa kuwa Nix hujenga ndani ya chumba kilichofungwa, bila intaneti wala /usr/local, basi kitakachotoka ni safi. Chumba kile ni cha kujengea tu. Siku ya kuendesha, programu iko nje na inaona diski nzima. Hata nix-build --check haikuniokoa: hiyo hujenga upya na kulinganisha matokeo, na matokeo yangu yalifanana kabisa, maana mara zote mbili yalibeba anwani ileile mbovu.

Dawa ni mstari mmoja kwenye postPatch, hatua inayopita kabla ya kukompaili:

sed -i "s|/usr/local/|$out/|" src/luaconf.h

Kisha usiamini macho yako. Andika installCheckPhase, hatua ya majaribio baada ya kusakinisha, inayochapisha package.path na package.cpath, orodha mbili za mahali Lua inapotafuta moduli, na kuangusha ujenzi ikikuta usr/local. Kumbuka kuweka doInstallCheck = true, la sivyo jaribio lako halitaendeshwa kabisa nawe utalala usingizi mzuri usiostahili.

Linabaki suala la moduli za nje. Huwezi kuzimwaga ndani ya folda ya Lua, kwa kuwa kilichoingia /nix/store hakiandikwi tena. Kila moduli ina folda yake ndani ya /nix/store. Wengi hukimbilia kuweka LUA_PATH, kigeu cha mazingira kinachoiambia Lua pa kutafuta moduli, kwenye .bashrc, faili la mipangilio ya terminali. Usifanye hivyo. Kihariri cha Neovim, ambacho hutumia LuaJIT, aina nyingine ya Lua, nacho husoma kigeu hichohicho, na utajikuta unatafuta kosa kwenye kihariri wakati wewe mwenyewe ndiye uliyeliweka. Tengeneza skripti ndogo ya kuizindua programu yako, na ndani yake uweke LUA_PATH_5_4, ambayo matoleo mengine hayaiangalii. Mwishoni mwa thamani yake weka nukta-mkato mbili, ;;, ndizo zinazorudisha njia za msingi. Ukiziacha, zile ulizohangaika kuzirekebisha kwenye luaconf.h hazitatumika.