Rilei ya feni inagonga mchana kutwa: mantiki ya fazi itasaidia?

Swali: Asalaam aleikum fundi. Niko Manda, Lamu. Chumba cha betri za sola nimekifungia feni ya volti 12, inawashwa na themostati ya rilei joto likifika digrii 36. Kaskazi hii rilei inagonga, yaani inawasha na kuzima, mchana kutwa, na mbili zishaungua. Nimesikia habari za mantiki ya fazi (fuzzy logic, si fazi ya umeme). Ni kitu gani, na kompyuta ndogo ya Arduino Uno inaiweza?

Jibu: Waaleikum salaam ndugu yangu. Inaiweza, tena bila taabu. Ila kama shida ni rilei kugonga tu, fazi ya nini? Weka feni iwake kwa 37 na izime kwa 34, imekwisha. Fazi ina faida ukitaka kasi ya feni ifuate hali ya chumba, na hali hiyo unaipima kwa zaidi ya kipimo kimoja.

Themostati yako huona 35.9 si moto na 36 ni moto. Mwaka 1965 Lotfi Zadeh, wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alieleza makundi ambayo kitu huwa ndani yake kwa kiwango, toka 0 hadi 1: hiyo ndiyo fazi. Treni za chini ya ardhi za Sendai, Japani, zilianza 1987 zikiongozwa kwa njia hiyo. Mashine za kufulia na majungu ya umeme ya wali yakafuata.

Kwako, joto liwe makundi matatu. Poa ni 1 hadi digrii 32, kisha inashuka mpaka 0 kwenye 36. Wastani inaanza 32, kilele 36, inaisha 40. Moto inaanza 36 na kutimia 40. Poa usiiweke chini ya joto la nje, maana feni haipozi chumba kuliko hewa inayoivuta. Kipimo cha pili ni joto limepanda kiasi gani kwa dakika 5: sifuri ni tuli, digrii 1 ni kupanda kamili, likizidi au likishuka, kata kwenye 1 na 0.

Kanuni nne: poa, feni asilimia 0; wastani na tuli, 60; wastani na kupanda, 100; moto, 100. Neno "na" maana yake chukua kiwango kidogo kati ya viwili.

Tuseme joto ni 37 na limepanda nusu digrii. Wastani ni 0.75, moto 0.25, tuli 0.5, kupanda 0.5. Kanuni ya pili inapata 0.5, ya tatu 0.5, ya nne 0.25. Zidisha kila moja kwa kasi yake, jumlisha, ugawe kwa jumla ya viwango: (30 + 50 + 25) ÷ 1.25 = 84. Kwenye analogWrite, amri ya Arduino inayohesabu kasi toka 0 hadi 255, hiyo ni 214.

Wengi hukwama kwenye hesabu: ukitumia int (namba nzima), 3 ÷ 4 inatoka 0 na feni haizunguki, tumia float (namba za desimali). Ukiacha pengo kati ya makundi, jumla inakuwa sifuri na unagawa kwa sifuri.

Kwenye waya, rilei itoe. Haifai kwa PWM, yaani kuwasha na kuzima upesi sana ili kupunguza kasi. Tumia mosfeti (swichi ya kielektroniki) IRLZ44N, si IRFZ44N, ambayo kwa volti 5 haifunguki sawasawa na huchemka. Geti, mguu wa mosfeti unaopokea amri ya Arduino, iende pia kwenye graundi kwa ukinzani wa kilo-omu 10, diodi 1N5819 sambamba na feni isiyozidi ampea 1, mstari wake uelekee chanya, na graundi ya Arduino iungwe na ya betri. Chini ya asilimia 25 feni nyingi hulia bila kuzunguka: izime hapo, isiwake tena mpaka 30, na ianze kwa sekunde moja ya kasi kamili.

Sensa ya joto ya DS18B20 inataka ukinzani wa kilo-omu 4.7 kati ya data na volti 5. Waya wake ukiliwa na chumvi ya bahari, maktaba ya DallasTemperature (programu tayari ya kusomea sensa hii) husoma -127, na kanuni zako zitasema ni poa, feni izime. Kwa hiyo ukiona -127, au 85 inayotoka kabla sensa haijapima, ruka kanuni zote na upeleke feni 100.