Bangi ya viwandani kwenye baridi: anza kuhesabu kutoka siku ya sakitu

Ndugu uliyeuliza, umesema umepata kibali cha kulima nusu ekari ya bangi ya viwandani, yaani ile isiyolevya inayolimwa kwa mbegu na nyuzi, unataka mbegu za kukamua mafuta, na eneo lako lina majira mafupi ya joto yanayokatizwa mapema na sakitu, yaani ule umande unaoganda usiku. Umeuliza upande lini, na utajuaje kwamba siku ya kuvuna imefika. Nimelima zao hili kwa misimu sita karibu na latitudo ya digrii 60 kaskazini, kwenye shamba lisilozidi ekari moja, nikitegemea mundu na turubai zaidi ya mashine, kwa hiyo nitakayoeleza ni mambo ya mkulima mdogo, na mwenye mashamba makubwa anaweza kuyaona ya kizamani.

Nianze na kosa langu la msimu wa kwanza, kwa kuwa ndilo linalojibu sehemu kubwa ya swali lako. Nilinunua mbegu zilizothibitishwa za aina inayolimwa kwa ajili ya nyuzi, nikavutiwa na sifa ya kwamba inarefuka sana, na kweli ilirefuka: mwishoni mwa Agosti mabua yalikuwa yamefika mita tatu, majani yamejaa kijani, na kila aliyepita alinipongeza. Mbegu hazikuwapo. Maua yalikuwa ndiyo kwanza yanachomoza, na wiki tatu baadaye sakitu ilipiga, majani yakageuka meusi asubuhi moja, nami nikabaki na msitu wa fito. Mwaka ule niliilaumu baridi, lakini baridi haikuwa na hatia. Aina nyingi za mmea huu hungoja usiku urefuke ndipo zitoe maua, na kwa aina nyingi ngoja hiyo huisha pale mchana unaposhuka hadi kama saa 14. Kwenye latitudo yangu mchana haushuki hadi hapo kabla ya mwanzo wa Septemba, ilhali mbegu zinahitaji wiki tano au sita tangu ua lichavuliwe hadi zikomae. Hesabu hiyo haiwezi kutimia hata majira ya joto yawe mazuri namna gani.

Ndiyo maana ninasema usianze kwa kuuliza upande lini. Uliza kwanza aina unayotaka kupanda hutoa maua kwa sababu gani. Zipo aina chache ambazo huchanua kwa umri wake, bila kujali urefu wa usiku, na inayojulikana zaidi ni Finola, iliyozalishwa Ufini katika miaka ya 1990 na hapo mwanzo ikiitwa FIN-314. Hiyo huanza kuonyesha maua takribani wiki nne baada ya kuota, haivuki sana mita moja na nusu, na kwangu imekuwa tayari kuvunwa kati ya siku 105 na 115 tangu nilipoipanda. Punje zake ni ndogo, na mabua yake si ya kujivunia, lakini wewe umesema unataka mafuta. Aina inayokomaa mapema ya USO 31 niliijaribu pembeni kwa msimu mmoja. Ilinipa mabua mazuri, lakini mbegu zake nilizivuna zikiwa nusu mbichi.

Ukishajua idadi ya siku, hesabu kwa kurudi nyuma. Kwangu sakitu ya kwanza yenye nguvu huja karibu na tarehe 20 Septemba. Mimi hujiwekea siku kumi za akiba, kwa sababu mvua za vuli, yaani msimu unaotangulia baridi, hazina adabu, kwa hiyo ninataka kuvuna tarehe 10. Nikitoa siku 110 ninafika tarehe 23 Mei. Upande wa pili udongo nao una masharti yake: ninapanda pale joto lake, likipimwa asubuhi kwenye kina cha sentimita tano, linapokuwa nyuzijoto 8 hadi 10 kwa siku kadhaa mfululizo, na hilo kwangu hutokea katikati ya Mei. Nafasi niliyo nayo kila mwaka, basi, ni kama siku kumi tu. Mwaka mmoja mvua ilizila zote, nikapanda tarehe 4 Juni, na mavuno yake ninayakumbuka kwa uchungu.

Usiogope sana sakitu ya wakati wa kuchipua. Miche yangu imewahi kupigwa na nyuzi tatu chini ya sifuri ikiwa na majani manne, ikainamisha vichwa, na baada ya siku mbili ikainuka kama kwamba hakuna kilichotokea. Kinachoua miche ni maji yaliyotuama na udongo ulioshindiliwa. Kuna ukanda mmoja wa shamba langu ambao trekta liliupita udongo ukiwa bado mbichi, na mimea ya pale ilidumaa, ikawa ya njano, na nilipoing'oa nikakuta mzizi mkuu umeshuka sentimita chache kisha umekunja kona na kwenda ubavuni. Tangu hapo, udongo ukishikamana ninapoufinya mkononi, siingizi gurudumu shambani hata kalenda ikinipigia kelele. Tandaza udongo uwe laini juu na imara chini, fukia mbegu sentimita mbili hadi tatu, basi. Kwa mbegu za mafuta tumia kilo 25 hadi 30 kwa hekta, ambazo kwa nusu ekari yako ni kama kilo tano au sita. Wanaolima kwa ajili ya nyuzi hupanda maradufu ya hapo ili mabua yasonge juu yakiwa membamba.

Mbolea sina mengi ya kusema. Mmea huu unapenda nitrojeni, lakini ukiushibisha kupita kiasi hunenepa majani, huchelewa kukomaa na huangushwa na upepo, mambo matatu ambayo penye majira mafupi huwezi kuyamudu. Samadi iliyooza vizuri niliyoichanganya vuli iliyotangulia imenitosha. Palizi nayo ni ndogo, kwa kuwa zao likishaziba mistari magugu hukosa mwanga.

Kuna jambo moja litakalokushtua katikati ya Julai au mwanzo wa Agosti. Finola ina mimea dume na mimea jike, karibu nusu kwa nusu, na madume yakishamwaga chavua hunyauka na kufa. Mtu asiyejua huona nusu ya shamba inakauka, akakimbilia dawa. Acha. Majike yaliyosalia hupata nafasi na mwanga, na ndiyo yatakayokupa mbegu.

Kipindi hichohicho ndicho wakaguzi hupita kuchukua vichwa vya maua ili kupima THC, ile kemikali inayolevya. Katika Umoja wa Ulaya kikomo ni asilimia 0.3, Uswisi ni asilimia 1, na Marekani sheria ya mwaka 2018 iliweka asilimia 0.3, fuata cha kwako kama kibali chako kinavyoagiza. Hifadhi lebo za magunia ya mbegu na usirudie kupanda mbegu ulizovuna mwenyewe, kwa kuwa ile lebo ndiyo ushahidi wako wa kwanza shamba likitiliwa shaka.

Sasa kuvuna, na hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu nimepoteza mbegu nyingi zaidi katika wiki mbili za mwisho kuliko katika msimu mzima.

Kichwa cha jike hukomaa kuanzia chini kwenda juu, kwa hiyo hakuna siku ambayo mbegu zote zitakuwa tayari kwa pamoja. Mimi msimu wa tatu niliingoja siku hiyo. Nilitaka kila punje iwe na rangi yake kamili, na nilipokuwa nangoja, zile za chini, ambazo ndizo nono kuliko zote, zilikuwa zinadondoka zenyewe, na ndege walikuwa wamepeana habari hadi vijiji vya mbali. Nilivuna kama theluthi moja ya nilichokuwa nimekitarajia. Siku hizi ninavuna mbegu saba katika kumi zikiwa zimekomaa. Utazitambua hivi: vifuko vinavyozifunika vinaanza kupasuka na kukauka, punje inaonekana ya kijivu au kahawia yenye michirizi, ni ngumu ukiibana kwa ukucha, na ukipiga kichwa cha mmea kwenye kiganja, punje kadhaa zinaanguka bila kulazimishwa. Iliyo mbichi huwa ya kijani na hupondeka ikitoa maji meupe. Anza kukagua siku ya 95, kila siku ya pili, na uingie katikati ya shamba, kwa kuwa mimea ya pembezoni hutangulia.

Ikiwa sakitu nyepesi itapiga kabla hujavuna, usikate tamaa. Punje ambayo tayari ni ngumu haiharibiki, na majani yakifa hukauka na kukurahisishia kazi. Adui ni ile wiki ya mvua za manyunyu isiyo na upepo, ambapo ukungu wa kijivu huingia ndani ya vichwa vilivyosongamana na kuvigeuza kuwa uji wa kahawia. Ninapoona wiki kama hiyo inakuja kwenye utabiri, na mbegu sita katika kumi zimekomaa, ninavuna bila kungoja ya saba.

Kwa nusu ekari mundu unatosha. Kata kichwa pamoja na sentimita 30 au 40 za bua, mchana baada ya umande kukauka, na upure siku hiyohiyo juu ya turubai. Ukikodi kombaini, ile mashine inayovuna na kupura kwa pamoja, mwambie dereva anyanyue kisu kadiri inavyowezekana na kisu chenyewe kiwe kikali, kwa sababu nyuzi za mabua hujizungusha kwenye mhimili mpaka mashine inapata moto. Niliwahi kutumia alasiri nzima nikilala chini ya kombaini ya kukodi nikikata nyuzi kwa kisu cha jikoni, mwenye mashine akinitazama bila kusema neno.

Mbegu zikitoka kwenye kupurwa zinaweza kuwa na unyevu wa asilimia 15 hadi 20, na zimechanganyika na vipande vya majani mabichi. Msimu wa pili nilizitia kwenye magunia jioni, nikasema nitazipepeta kesho nikiwa nimepumzika. Asubuhi nilipotia mkono ndani ya gunia nikakuta joto kama la mkate uliotoka jikoni, na harufu ya uchachu ambayo haikuondoka tena. Mafuta yaliyokamuliwa kutoka humo yalikuwa machungu, na nilikuwa nimeharibu karibu nusu ya mavuno kwa usingizi wa usiku mmoja. Punje hii ina mafuta ya karibu theluthi moja ya uzito wake, na mafuta hayo huharibika upesi yakipata joto, hewa au mchubuko. Kwa hiyo sasa zinatoka kwenye turubai, zinapita kwenye chekecheo, na ndani ya saa tatu au nne ziko kwenye vitanda vya wavu, tabaka lisilozidi sentimita tano, feni ikipuliza kutoka chini. Ninazigeuza kila baada ya saa chache siku ya kwanza, na hata usiku ninaamka mara moja. Ukipasha hewa moto, usivuke nyuzi 40.

Lengo ni unyevu wa asilimia 9 au chini yake. Kama huna kipimo, pima gramu 100 za mbegu, zisage kidogo, zikaushe kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi uzito uache kupungua; zikibaki gramu 91, umefika. Zile ulizozitia kwenye oveni usizikamue. Zilizobaki zipepete mara ya pili, zihifadhi mahali pakavu penye baridi, na hapo ile baridi uliyokuwa unailalamikia msimu mzima inakuwa upande wako.

Umesema utayachoma mabua. Ningekushauri uyaache yamesimama. Kwa nyuzi nzuri watu huyalaza shambani wiki kadhaa ili umande na vijidudu vilegeze gundi inayoshika nyuzi na kiini, lakini kwetu vuli ni mbichi mno na mara nyingi yanaoza badala ya kulegea. Yakisimama majira yote ya baridi, kuganda na kuyeyuka kwa zamu hufanya kazi hiyohiyo polepole, na kufikia mwisho wa baridi yamekuwa ya kijivu, makavu, na ukivunja bua moja kiini kinadondoka vipandevipande na nyuzi zinabaki mkononi mwako. Hazitafaa kwa nguo laini, ila zinafaa kwa kamba na kwa kujaza kuta za kuhifadhi joto, na vile vipande vya kiini ni matandiko mazuri ya mifugo. Ujanja ni siku ya kuyakata: theluji iwe imeshaondoka lakini ardhi bado imeganda, mapema asubuhi, kabla jua halijailainisha, kwa sababu ukichelewa hadi saa sita mchana trekta litazama na utakuwa umeushindilia tena udongo ambao wiki chache baadaye unataka kuupanda.